Sayansi Iko Kilosa, Mwanafunzi Yuko Wapi?

Anayesafiri kwa basi kutoka Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Hukutana na matuta, vibao vya mwendo na bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa. Abiria husogea madirishani. Watoto huanza kuhesabu: twiga watatu, pundamilia wanane, tembo mmoja kwa mbali. Basi likishatoka hifadhini na kuingia Mikumi mjini, hesabu ile husahaulika. Sehemu kubwa ya hifadhi hiyo imo katika wilaya ya Kilosa, na kwa wanafunzi wengi wa sekondari wa wilaya hiyo dirisha la basi ndilo darasa pekee la ikolojia ya wanyamapori watakaloliona kabla ya chuo kikuu, iwapo watafika huko.

Makala haya yanauliza swali la kihistoria lenye matokeo ya leo. Kwa zaidi ya karne moja Kilosa imekuwa mahali ambapo sayansi ya mimea, mifugo, wanyamapori na maji inafanyika. Watafiti kutoka nje wamejenga majina yao hapa, na vyuo vikuu vya mbali vimetoa shahada za uzamivu kutokana na nyani na tembo wa Mikumi. Inakuwaje basi kijana wa kidato cha tano anayesoma kilomita chache kutoka hapo awe hana nafasi ya kuishika sayansi hiyo kwa mikono yake? Jibu langu ni kwamba nafasi zimekuwapo, tena zaidi ya mara moja, lakini kila mara zimefunguliwa kama hisani ya mtu au mradi, hazikuwahi kufanywa kuwa sehemu ya wajibu wa shule. Na katika wilaya yenye historia ya Kilosa, gharama ya kukosa maarifa hayo imelipwa kwa damu na kwa mafuriko.

Maarifa kabla ya kituo cha utafiti

Tuanze kwa kuondoa dhana kwamba sayansi ya mazingira ililetwa Kilosa kwa reli. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda walilima miteremko na mabonde ya nchi hii wakijua udongo upi unashika maji na upi unayaachia. Wafugaji walijua nyasi za masika na za kiangazi, na walijua mahali pa kuepukwa kwa sababu ya mbung'o. Mtoto alijifunza kwa kuchunga, kulinda shamba dhidi ya ngedere na nguruwe pori, na kwenda na mtu mzima porini. Hakupewa cheti, lakini alipewa kazi yenye uzito, na akikosea, hasara ilionekana.

Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu udhibiti wa ikolojia katika historia ya Afrika Mashariki, alitoa hoja kwamba jamii za nchi hii kabla ya ukoloni zilimudu kuyatawala mazingira yake. Kwa moto, kilimo, mifugo na mpangilio wa makazi zilizuia vichaka na mbung'o visisonge mbele. Wapo wanahistoria waliomkosoa kwa kuipamba mno karne ya 19, na ukosoaji huo una uzito. Hata hivyo, hoja yake ya msingi inatusaidia. Sotoka ilipopiga ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, na njaa na maradhi vikafuata, watu walipoteza uwezo huo wa udhibiti. Vichaka vikarudi, mbung'o wakarudi navyo, na maeneo yaliyokuwa ya watu yakaanza kuonekana machoni mwa wageni kama pori la tangu kuumbwa kwa ulimwengu.

Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Reli ya kati ilifika Kilosa mwaka 1909, na pamba na mkonge vikaja pamoja nayo. Kwa Mwafrika wa kawaida, sayansi hiyo mpya ya kilimo iliingia ikiwa na mnyapara. Kulazimishwa kulima pamba ni miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo vilifika mpaka Kilosa na milima ya Vidunda. Kwa hiyo, somo la kwanza la kilimo cha kitaalamu kwa watu wengi wa kusini na mashariki mwa nchi hii lilikuwa amri. Swali lolote kuhusu udongo, mbegu au msimu lilihesabiwa kuwa ukaidi.

Waingereza walipunguza viboko lakini hawakuubadili sana mgawanyo wa kazi. Katika miaka ya 1940 walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo Ilonga, jirani kabisa na Kilosa mjini. Upande wa magharibi, Mpwapwa, kulikuwa na utafiti wa mifugo tangu enzi za Wajerumani, na baadaye mafunzo ya wasaidizi wa mifugo. Neno la kuzingatia hapa ni "wasaidizi". Mwafrika alifundishwa kuchanja, kupima na kupeleka sampuli. Kuuliza swali la utafiti, kuamua kipimwe nini na kwa nini, ilikuwa kazi ya mwingine. Mgawanyo huo ulikaa katika mazoea ya taasisi zetu kwa muda mrefu kuliko bendera iliyouleta.

Uhuru na jembe la shule

Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akiahidi kwamba taifa jipya litawatunza na kueleza kwamba kazi hiyo itahitaji wataalamu waliofunzwa. Mwaka 1963 Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka kilianzishwa karibu na Moshi. Mwaka 1964 Mikumi ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, mwaka uleule na Ruaha. Mwaka 1966 kikafuata chuo cha Pasiansi, Mwanza, kwa ajili ya askari wa wanyamapori. Mwaka 1975 mpaka wa Mikumi ulisogezwa hadi kukutana na Pori la Akiba la Selous, na eneo lake likawa kilomita za mraba 3,230.

Upande wa elimu, Machi 1967 ilitoka falsafa ya Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi wanaikumbuka kwa jembe, na hapo ndipo tulipoipoteza. Nyerere hakutaka mwanafunzi awe kibarua wa shule. Alitaka shamba la shule liwe mahali pa kupanga, kujaribu, kuweka kumbukumbu za mapato na gharama, na kuamua kwa pamoja jambo gani lifanyike msimu ujao. Kwa lugha ya leo tungesema alitaka jaribio la kisayansi lenye mavuno ya kuliwa. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo, na mchepuo wa kilimo ukawa mmojawapo.

Katika utekelezaji, shule nyingi zilibaki na jembe zikaacha daftari. Shamba likawa chanzo cha chakula na, baya zaidi, mahali pa adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa alipelekwa kulima, na aliyefaulu alibaki darasani. Hakuna namna bora zaidi ya kumfundisha kijana kwamba ardhi ni ya walioshindwa. Kizazi kilichofundishwa hivyo kikaja kuwa walimu, maofisa elimu na wazazi, na wengi wetu bado tunalibeba somo hilo bila kulijua.

Wakati huohuo, elimu ya juu ya kilimo na wanyama ilikuwa ikijengwa Morogoro. Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza huko mwaka 1969, misitu na tiba ya mifugo vikaongezwa katika miaka ya 1970, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kwa jina la waziri mkuu aliyefariki kwa ajali mkoani humohumo Aprili ya mwaka huo. Hivyo basi, kufikia katikati ya miaka ya 1980, mkoa wa Morogoro ulikuwa na hifadhi ya taifa, kituo cha utafiti Ilonga kilichokuwa kikitoa mbegu za mahindi kama Staha, na chuo kikuu cha kilimo na mifugo. Vyote vilikuwa ndani ya safari ya siku moja kutoka shule yoyote ya Kilosa iliyo kandokando ya barabara. Kilichokosekana ni uzi wa kuziunganisha taasisi hizo na kidato cha tano.

Nyani, tembo na lami

Mwaka 1974 mwanasayansi Mmarekani, Ramon Rhine, alianza kuwachunguza nyani wa manjano wa Mikumi. Kazi hiyo iliendelezwa na wengine, akiwemo Guy Norton, na ikawa miongoni mwa tafiti ndefu za nyani barani Afrika. Msingi wake ni rahisi kuueleza, ingawa ni mgumu kuutekeleza: kumjua kila nyani kwa sura yake, kumfuata, kuandika amezaliwa lini, amezaa na nani, amekufa vipi, na kufanya hivyo mwaka baada ya mwaka bila kuruka.

Mwanafunzi mmoja wa nyani hao, Samuel Wasser, baadaye aligundua kwamba kinyesi cha mnyama kinaweza kusomwa kama faili la hospitali: kinabeba homoni, na kinabeba vinasaba. Mwaka 2008 yeye na wenzake, akiwemo Benezeth Mutayoba wa SUA, walichapisha utafiti kuhusu tembo jike wa Mikumi. Waligundua kwamba tembo walioishi katika makundi yasiyo na bibi mzee wa kuwaongoza, au yasiyo na ndugu wa karibu, walikuwa na homoni nyingi zaidi za msongo na walizaa kidogo zaidi. Hii ilikuwa takribani miongo miwili baada ya marufuku ya biashara ya pembe za ndovu ya mwaka 1989. Ujangili ulikuwa umewaua wazee, na jeraha lilikuwa bado halijapona kwa wajukuu. Njia hiyohiyo ya kusoma vinasaba vya kinyesi ilikuja kutumika kutambua pembe zilizokamatwa bandarini zimetoka pori gani la Afrika.

Mfano wa tatu ni barabara yenyewe. Mwaka 1995 Carlos Drews alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu wanyama waliogongwa na magari ndani ya Mikumi, huku akiwaangalia nyani kwa karibu. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa imeshawekwa lami, na mwendo ulikuwa umeongezeka. Takwimu za aina hiyo ndizo zinazoipa mamlaka yoyote hoja ya kudai matuta na vibao vya mwendo.

Nimezitaja tafiti hizi tatu kwa sababu zinaanza na stadi ambazo kijana wa miaka kumi na minane anazo au anaweza kuzipata kwa muhula mmoja: kutazama kwa subira, kuhesabu bila kukisia, kuandika tarehe, saa na mahali, na kuokota sampuli bila kuichafua. Maabara ya homoni haipo Kilosa Sekondari wala haihitajiki kuwapo. Lakini hatua ya kwanza ya sayansi hiyo, ile ya porini na barabarani, iko ndani ya uwezo wa shule ya kata. Tazama sasa tunachompa mwanafunzi huyo. Katika mtihani wa vitendo wa Baiolojia wa kidato cha sita anapasua mende au chura, anachora, anataja sehemu. Ni ujuzi halali. Lakini anaweza kupata alama ya juu kabisa bila kuwahi kumtazama mnyama hai yeyote kwa dakika kumi mfululizo na kuandika anachofanya.

Vilabu na safari ya siku moja

Isidhaniwe kwamba hakuna aliyejaribu. Kenya ilianzisha vilabu vya wanyamapori mashuleni mwaka 1968, vya kwanza vya aina yake Afrika. Tanzania ikafuata mwaka 1980 kwa vilabu vya Malihai, jina zuri linalokumbusha kwamba wanyama hawa ni mali, na ni mali iliyo hai. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikutana na Jane Goodall barazani kwake Dar es Salaam, na mazungumzo yao yakazaa Roots & Shoots, mtandao ambao leo umeenea katika nchi nyingi duniani. Inafaa tukumbuke kwamba harakati hiyo ya kimataifa ilianza na maswali ya vijana wa sekondari za Kitanzania. Shirika la Hifadhi za Taifa nalo, kuanzia mwaka 1988, lilianza kazi ya ujirani mwema: kujenga madarasa, kutembelea vijiji, kupokea wanafunzi hifadhini.

Ng'ambo ya pili ya milima, Mang'ula, kuna mfano mwingine wa kujifunza. Mwaka 2006 kilifunguliwa kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia cha Udzungwa, kwa ushirikiano wa hifadhi na jumba la makumbusho ya sayansi la Trento, Italia. Kutokana na kituo hicho ikakua programu ya elimu ya mazingira kwa shule za vijiji vinavyopakana na hifadhi. Tofauti yake na safari ya kawaida ni kwamba kuna mahali pa kudumu, na wanafunzi wako jirani na watu wanaofanya utafiti mwaka mzima.

Kwa nini basi mbegu hizi hazikuota sana Kilosa? Naona sababu tatu. Kwanza, klabu humtegemea mwalimu mmoja mwenye moyo. Akihamishwa, klabu hufa na daftari lake hupotea kabatini. Pili, ujirani mwema umepimwa kwa idadi ya madarasa na madawati zaidi ya idadi ya maswali yaliyoulizwa na wanafunzi. Basi huja, wanafunzi huona simba ikiwa wana bahati, hupiga picha, hurudi. Safari ya siku moja humfanya mtu kuwa mtalii. Tatu, mtihani hauzipi kazi hizo alama. Mwanafunzi mwenye akili, na mzazi aliyeuza mpunga kulipia mahitaji ya shule, watauliza kwa haki: hili litanisaidia kupata daraja la kwanza?

Kuna sababu ya nne ambayo wanaharakati wataitaja, nami nakubaliana nao kwa sehemu. Elimu ya uhifadhi mara nyingi imekuwa elimu ya kuwatuliza wanavijiji: wafundishwe kumpenda tembo ili wasilalamike tembo anapokula mahindi. Sayansi ya namna hiyo ni mahubiri. Kijana wa Mikumi anapaswa kupewa uwezo wa kupima mambo yote: tembo waliouawa na majangili, na pia ekari zilizoliwa na tembo, mipaka iliyosogezwa, na fidia iliyochelewa. Asiporuhusiwa kuiuliza hifadhi, hatakuwa mwanasayansi, atakuwa mpiga debe.

Gharama ya kutojua

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Nilikuwa likizoni, mwanafunzi wa kidato cha sita wa shule moja ya mkoa huu. Tuliporudi Januari, darasa letu lilikuwa na watoto wa pande zote mbili. Waliokuwa wakila meza moja walianza kukaa mbalimbali. Mwalimu wetu wa Baiolojia aliendelea na mzunguko wa naitrojeni pale alipoishia. Simlaumu, mtihani ulikuwa mlangoni na hakuna aliyemwandaa kwa siku ile. Lakini nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Mzunguko wa naitrojeni hupita katika nyasi, katika tumbo la ng'ombe, katika samadi na katika shina la mhindi. Mgogoro wote wa Kilosa ulikuwa ubaoni, na sisi tulinakili mishale.

Mwaka 2008 damu ilimwagika tena wilayani, na mwaka 2009 ikafanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao. Hoja iliyotawala ilikuwa kwamba mifugo imezidi uwezo wa ardhi. Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, katika makala yao ya mwaka 2009 kuhusu mauaji ya Kilosa, waliitilia shaka hadithi hiyo nyepesi ya uhaba. Walielekeza macho kwenye sera zisizompa mfugaji nafasi, kupotea kwa malisho ya kiangazi, na rushwa iliyowafanya watu wakose imani na vyombo vya kutatua migogoro. Uwanda wa Mkata umegawanywa kati ya hifadhi, ranchi ya taifa, mashamba ya mkonge, vijiji vya wakulima na vijiji vya wafugaji. Katika uwanda kama huo, swali la nyasi ni ngapi, ng'ombe ni wangapi na maji yanadumu hadi mwezi gani ni swali la siasa. Mwenye hesabu ndiye mwenye sauti, na wenyeji wa pande zote mbili hawakuwa na hesabu yao wenyewe.

Kisha mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika. Tuta la kuukinga mji, lililojengwa enzi za ukoloni, halikuzuia maji. Maelfu ya watu walipoteza makazi na reli ikasombwa. Yalisemwa mengi kuhusu kilimo cha kingo za mto, ukataji wa misitu ya juu milimani na mto kujaa mchanga. Yote yanawezekana, na bila shaka yana ukweli. Lakini kina cha mchanga hakipandi kwa usiku mmoja. Hupanda sentimita kwa sentimita mbele ya macho ya shule zilizo kandokando ya mto, na shule hizo hazikuwahi kuombwa kupima.

Kipi kifanyike

Nchi sasa ina Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, na mitaala mipya iliyoanza kutumika kwa awamu tangu Januari 2024, yenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Ni fursa ya kurekebisha kosa la jembe bila daftari. Nina mapendekezo matatu kwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya.

La kwanza, halmashauri iandikishe makubaliano ya kudumu kati ya shule zake za kidato cha tano na sita na taasisi tatu: Hifadhi ya Mikumi, kituo cha utafiti Ilonga, na SUA. Makubaliano yafungwe na ofisi, yasifungwe na mwalimu, ili uhamisho usiyaue. Kila mwaka wanafunzi wachache wakae na watafiti kwa wiki mbili za likizo, si kwa kutazama bali kwa kazi ya kumbukumbu.

La pili, kila shule ichague jambo moja la kupima na ilipime kwa miaka ishirini. Shule ya Mikumi, ikishirikiana na wahifadhi na kwa usalama wa ndani ya gari, ihesabu wanyama waliogongwa barabarani kila mwezi. Shule ya Kilosa mjini ipime mvua na kina cha Mkondoa. Shule za upande wa Mkata zipime nyasi katika viwanja vilevile, masika na kiangazi, na wanafunzi wa jamii za wakulima na wafugaji wapangwe katika kundi moja. Kipima mvua si kifaa cha bei ya kutisha, na kijiti chenye alama za sentimita hutengenezwa na fundi seremala. Wanaosema shule zetu hazina maabara wanasema kweli, lakini kwa kazi hii ukosefu wa maabara si kizuizi. Kinachohitajika ni daftari lisilopotea na mwalimu mkuu anayelikabidhi kwa maandishi kwa mrithi wake.

La tatu, kazi hiyo ihesabiwe. Kazi mradi ya uwandani ikipata alama katika Baiolojia, Jiografia na Kilimo, mzazi hatauliza tena inasaidia nini.

Na kwa wanafunzi wenyewe: msidhani mlango pekee ni udaktari wa binadamu. Tahasusi za PCB, CBG na CBA zinaelekea kwenye tiba ya mifugo, usimamizi wa wanyamapori, misitu, sayansi ya udongo na maji katika SUA na kwingineko. Wenye kidato cha nne wana Pasiansi kwa wanyamapori, Olmotonyi kwa misitu, vyuo vya mifugo vya LITA, kimojawapo kikiwa Morogoro, na chuo cha kilimo cha Ilonga kilicho nyumbani kwenu Kilosa. Mweka hupokea wa ngazi mbalimbali. Ila msisubiri barua ya chuo ndipo muanze. Chagueni leo mti mmoja wenye viota, kisima kimoja au kundi moja la nyani wanaovamia shamba la jirani. Andikeni tarehe, saa, idadi na mlichokiona, kila wiki, kwa mwaka mzima. Mkifika katika usaili au darasa la mwaka wa kwanza mkiwa na daftari hilo, mtakuwa mmewatangulia wengi.

Desemba 2000 sisi hatukuwa na daftari kama hilo. Laiti darasa letu lingekuwa limeshahesabu nyasi za Mkata pamoja kwa misimu mitano kabla ya siku ile, sisemi kwamba mauaji yasingetokea. Vijana wa shule hawawezi kubeba lawama za serikali na wazee wao. Nasema tungerudi Januari tukiwa na kitu cha kuzungumza, na huenda baadhi yetu wangebaki meza moja.